Upepo wa Madirisha Mawili

Kila jioni Bi Nunu alipofika kwa Mzee, kazi yake ya kwanza ilikuwa kupika chai mbili. Moja aliimimina kwenye glasi, chai ya rangi yenye kipande cha limau. Ya pili aliitia kwenye kikombe kikubwa, imekolea majani mpaka imeiva nyekundu, na maziwa juu yake. Zote mbili zilikuwa za mtu mmoja. Mzee alikunywa nusu ya glasi, akanywa nusu ya kikombe, akarudisha vyombo, na Bi Nunu akamwaga mabaki kwenye sinki bila kuuliza. Kazi ya kea, hiyo ya kuwahudumia wazee majumbani mwao, humfundisha mtu kutouliza mambo ya vinywaji wala mambo ya ndugu.

Nyumba yenyewe ilikuwa Erdington, Birmingham, katika safu ya nyumba zilizogandana ukuta kwa ukuta, jirani na High Street. Mamake Mzee alikuwa Muairishi aliyevuka maji kuja kufanya kazi hospitali. Babake alikuwa askari wa Kipolandi ambaye vita vilipokwisha hakuwa na pa kurudi. Walioana, wakamzaa, wakaachana. Mama akaolewa na Muairishi mwenzake, akamzaa Breda. Baba akaoa Mpolandi mwenzake, akamzaa Zenon. Kwa hiyo Mzee alikuwa na dada wa mama mmoja na ndugu wa kiume wa baba mmoja, na hao wawili baina yao hawakuchangia hata tone la damu. Breda alimwita Fintan. Zenon alimwita Kazik. Bi Nunu alimwita Mzee tu. Aliitikia majina yote matatu, ila hilo la mwisho aliliitikia upesi zaidi.

Breda na Zenon walikuwa hawaaminiani tangu siku ya kwanza walipokutana, na siku yenyewe Bi Nunu alikuwepo. Breda alifungua mlango, akanyoosha mkono. Zenon akaurudisha wake nyuma. Kwao Wapolandi watu hawapeani mikono juu ya kizingiti, huleta ugomvi, na alikuwa anangoja aingie ndani kwanza ndipo asalimie kwa adabu. Breda hakulijua hilo. Aliona mtu aliyekataa mkono wake mlangoni kwa kaka yake, akageuka zake. Ugomvi ukaja hivyohivyo. Bi Nunu amelelewa Mkunazini, Unguja, anakijua kizingiti na miiko yake, na angeweza kueleza. Hakueleza. Alihofia wangemuuliza yeye inamhusu nini.

Tangu hapo kila mmoja alileta malalamiko yake jikoni. Wapolandi, alisema Breda huku akimsaidia Bi Nunu kukunja mashuka, hawacheki. Wanakunywa vodka na uso wa mtu aliyeandikiwa dawa. Mpolandi akija kukutengenezea bomba, anakutazama kana kwamba ulilipasua makusudi. Waairishi, alisema Zenon huku akivua viatu na kuvipanga sawasawa mlangoni, hawajui kuondoka. Wanaaga mpaka chai inapoa mara ya pili. Wanalia wakiimba na wanaimba wakilia, na msiba kwao ni sherehe inayomsubiri mwenyewe alale. Mzee alikuwa amelala pale katikati, anasikia yote. Mara nyingine alimkonyeza Bi Nunu, maana yeye mwenyewe alikuwa mzito wa kucheka na mrefu wa kuaga.

Alikata roho mwanzoni mwa Februari, jua linazama. Kitanda chake kilikuwa chini, kwenye sebule iliyovunjwa ukuta wa katikati, ikawa chumba kimoja kirefu chenye dirisha la mbele linalotazama barabara na dirisha la nyuma linalotazama uani. Breda alikaa upande wa mbele. Alimtia kaka yake mshumaa mkono wa kulia, mshumaa uliobarikiwa kanisani, kama wafanyavyo watu wake. Zenon alikaa upande wa nyuma. Alimtia kaka yake mshumaa mkono wa kushoto, uliobarikiwa kanisa hilohilo siku ileile, ila misa tofauti, kama wafanyavyo watu wake. Kila mmoja aliutazama mshumaa wa mwenzake kwa jicho la mtu aliyeona kanzu yake imevaliwa na jirani.

Pumzi ilipokoma, Bi Nunu, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda, alinong'ona Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Hakuweza kujizuia. Alikuwa amemwogesha mtu yule, amemlisha, amemkata kucha, na roho yake ilimuuma kweli. Breda na Zenon waligeuka wakamtazama kwa pamoja, halafu wakaendelea na shughuli zao. Breda aliisimamisha saa ya ukutani. Zenon akasema hiyo ni desturi ya Kipolandi, nani kamfundisha. Zenon alikifunika kioo kwa shuka. Breda akasema mamake alifunika vioo kwao Roscommon kabla babake Zenon hajaijua Uingereza ilipo. Halafu ukafika wakati wa kumfungulia marehemu njia. Breda akafungua dirisha la mbele. Zenon akafungua dirisha la nyuma.

Ilikuwa jioni ya upepo. Roho ya Mzee ilitoka dirisha la mbele vizuri kabisa, ikafika kwenye gari la Breda lililoegeshwa pembeni. Hapo upepo ukaikamata, ukaipitisha uchochoro wa mapipa ya taka, ukaizungusha uani, ukairudisha ndani kwa dirisha la nyuma. Ikatoka tena mbele. Ikarudi tena nyuma. Bi Nunu aliusikia ule mzunguko ukimpita shingoni, akajifunga mtandio vizuri, akatia mkono kwenye dirisha lililokuwa karibu naye ili alifunge.

"Acha hilo," alisema Breda.

Akaenda kwenye la pili.

"Hilo pia liache," alisema Zenon.

Kesho yake Bi Nunu alirudi kuchukua sapatu zake na kukabidhi ufunguo. Watu wa mazishi walikuwa wameshauchukua mwili, uko kwenye jokofu lao. Mzee mwenyewe alikuwa jikoni, amevaa koti lake la kahawia, kola imeinuliwa. Koti lilikuwa linapepea ingawa mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa.

"Baridi," alisema.

"Nakuona," alisema Bi Nunu, akaweka birika.

Habari zilifika kwa ndugu siku ileile. Breda alikuja akaketi mbele ya kaka yake, akamwambia pole. Kisha akamweleza Bi Nunu kwamba hili limesababishwa na dirisha la Zenon, kwa sababu kila mtu anajua roho hutokea upande wa barabara. Zenon alikuja baadaye, akavua viatu, akamwambia kaka yake pole. Kisha akaeleza kwamba hili limesababishwa na dirisha la Breda, kwa sababu hakuna mwenye akili anayemtoa marehemu kwenye magari. Mapadri nao walikuja, wa Kiairishi na wa Kipolandi, kila mmoja kwa saa yake. Walikunywa chai na Mzee, wakaona kwamba suala ni la kifamilia.

Mzee alisema jambo moja tu. "Fungeni dirisha moja. Lolote."

Ilikuwa kweli na wote walijua ni kweli. Dirisha moja likifungwa, angetoka kwa lililobaki na asirudi. Lakini mtu akitokea dirisha la mbele atakuwa ametoka kama Muairishi, ameenda kwa mamake. Akitokea la nyuma atakuwa ametoka kama Mpolandi, ameenda kwa babake. Nani afunge lake? Breda alisema yuko tayari kabisa dirisha moja lifungwe, la Zenon. Zenon alisema yuko tayari, la Breda. Basi madirisha yakabaki wazi. Hita ikawaka usiku na mchana bila faida, na mazishi yakaahirishwa, kwa sababu huwezi kumzika mtu ambaye bado anaomba maziwa.

Bi Nunu aliendelea kwenda. Hapo ndipo alipokosea, kama ni kosa. Ajensi iliyomwajiri ilikuwa imeshalifunga jalada la Mzee na kumpa wazee wengine. Lakini kila alipomaliza zamu alishuka kituo kilekile, akaingia kwa mlango wa jikoni usiofungwa ufunguo, akapika chai mbili. Hakuna aliyemtuma. Aliona tu haimkai moyoni kumwacha mtu wa umri ule anazungushwa na baridi bila hata cha moto mkononi.

Mumbua, nesi kutoka Machakos ambaye walikuwa wakingoja basi pamoja, alimwambia waziwazi.

"Nunu, wewe unaenda kumpikia mtu amekufa chai, na hakuna mtu anakulipa?"

"Ana baridi."

"Najua ako na baridi. Lakini hao watu wake watasema kitu. Mtu akifanya kazi ya bure hapa, watu huuliza anatafuta nini."

"Waseme."

"Watasema, halafu utalia. Mimi nitakuletea tishu, lakini nimekwambia."

Bi Nunu alicheka, akapanda basi. Njiani kicheko kikamwisha. Alianza kukumbuka namna Breda alivyofungua kabati la vyombo jana yake na kuvihesabu vijiko kwa macho. Alikumbuka Zenon alivyomuuliza, kwa upole mno, yale maneno aliyonong'ona siku ile yalikuwa ya lugha gani. Alimjibu ni Kiarabu, ni maneno ya kuwa sote tunarudi tulikotoka. Zenon alikuwa ameitikia kwa kichwa. "Tunarudi," alisema. "Kwa hiyo uliyasema, naye akarudi."

Alipojaribu tena kufunga dirisha, alijaribu kwa siri, na hilo nalo halikumsaidia. Mzee alikuwa anazunguka sebuleni, anapita mbele, anarudi nyuma, ananyoosha mkono kushika kiti na kiti hakishikiki. Bi Nunu akashika komeo la dirisha la mbele. Breda alikuwa amesimama nje barabarani kimya, anamtazama kupitia kioo.

"Unamfungia mama yangu nje?" aliuliza.

Siku nyingine akashika komeo la nyuma. Zenon alikuwa uani, nyuma ya pipa, amevaa kofia ya sufu. Alitikisa kichwa, akaenda zake.

Haijulikani ni nani alimpigia mwenzake simu kwanza. Kinachojulikana ni kwamba Jumapili Bi Nunu aliwakuta wote wawili jikoni, wamekaa meza moja. Breda alikuwa amekata keki ya matunda. Zenon alikuwa anamalizia sentensi za Breda.

"Hakuna anayekuja bure," alikuwa anasema Breda.

"Labda ana chake anachokipata," alisema Zenon.

"Na chai anamwomba yeye. Mimi dada yake sijaombwa."

"Wala mimi."

"Alinong'ona..."

"...na marehemu akabaki."

Wakamwona mlangoni. Mzee alipita nyuma yao, koti linapepea, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni madirisha, Breda. Ni madirisha, Zenon. Huyu hajafanya kitu." Breda akampapasa mkono, akamwambia asijichoshe. Zenon akamwangalia Bi Nunu kwa huruma ya aina fulani, namna unavyomwangalia mtu aliyemfundisha kasuku maneno.

Simu ya Reena ilikuja Jumatatu. Reena alikuwa meneja wa ajensi, mtu wa haki kadiri utaratibu ulivyomruhusu. Alisema familia mbili zimeleta lalamiko moja. Walimlalamikia Bi Nunu kwa kumshikilia mteja baada ya kufariki, pasipo ridhaa ya ndugu.

"Kwenye kompyuta hakuna sehemu yake," alisema Reena. "Nimeliweka chini ya mengineyo."

"Mie sijamshikilia mtu."

"Sisemi umemshikilia. Nauliza tu ulikuwa unaenda kufanya nini pale wakati hujapangwa."

"Chai."

Bi Nunu alisikia kalamu ikigonga meza, akaujua ule mlio. Alikuwa amewahi kuusikia uwanja wa ndege, kwa ofisa wa pasipoti. Kikao kitakuwa Alhamisi, Reena aliendelea. Likithibitika, jina lake litaingia mahali ambapo kila ajensi nchi nzima huangalia kabla ya kuajiri, na halitatoka. Mzee anaweza kuja kusema mwenyewe, kwa sababu lalamiko limelifungua jalada lake na sasa ni mteja tena, na neno la mteja lina uzito kuliko la ndugu. Ila aje mwenyewe, ofisini, kwa miguu yake.

Bi Nunu alikaa kitandani muda mrefu na simu mkononi. Hakuwa na mali wala mume. Binti yake alikuwa ameolewa London, na simu zake zilikuwa fupi. Alichokuwa nacho ni jina. Miaka yote ile Birmingham aliingia nyumba za watu akiwa na funguo zao mfukoni, akapita kwenye mikufu iliyoachwa juu ya meza na mikoba iliyoachwa wazi, na hakuna hata siku moja aliyorudi kuulizwa jambo. Alijivunia hilo kuliko alivyojivunia chochote, na sasa lilikuwa linamtoka hivihivi. Alilia kidogo. Tishu za Mumbua hazikuwepo, akatumia kanga.

Jumanne alimweleza Mzee. Mzee alisema atakuja Alhamisi, ataeleza kila kitu, madirisha na yote. Alisema hivyo akiwa katika mzunguko wa kwenda mbele, akamalizia akiwa katika mzunguko wa kurudi.

Jumatano alasiri kengele ya Bi Nunu ililia. Alikuwa anakaa Nechells, ghorofa ya juu, chumba na jiko, mbele yake mabohari na maghala na moshi wa malori. Alimkuta Mzee amesimama ubarazani. Alikuja kwa basi. Pasi yake ya wazee ilikuwa bado haijaisha muda wake na dereva hakuwa na neno.

Mzee alivua viatu mlangoni akavipanga. Zenon angesema ni Upolandi, lakini Mkunazini nako watu huvua. Alipokaribishwa chai alisema usijisumbue, akasema tena usijisumbue, kisha akaipokea. Breda angesema ni Uairishi, ila Bi Nunu hajapata kumwona mgeni wa Unguja aliyekubali mara ya kwanza. Hakuwa na limau na maziwa yalikuwa yamekwisha. Alimpa chai ya tangawizi kwenye kikombe kimoja. Mzee aliinywa yote, akatazama ndani ya kikombe kitupu, akakiweka mezani.

Koti lake lilikuwa bado linapepea.

"Madirisha yako yote yako upande mmoja," alisema.

"Eee. Nyuma ni ukuta wa ngazi."

"Kwa hiyo hakuna upepo wa kupita."

"Hakuna."

Bi Nunu alielewa alichojia. Kisha shaka ikamwingia, shaka ileile aliyokuwa akiiona kwenye macho ya wenzake, na alichukia kuikuta kwake.

"Wamekutuma?" aliuliza.

"Nani?"

"Ndugu zako. Wamekwambia uje kwangu leo, ili kesho usionekane."

Mzee alifikiri. Hakukasirika. "Ndugu zangu wako jikoni kwangu," alisema. "Zenon ameleta supu ya viazisukari vyekundu. Breda anamfundisha karata. Wanakusema wewe kutwa nzima, na hawajapata kuelewana hivyo. Hawakuona nilipotoka."

"Kesho ni Alhamisi, Mzee. Uliniahidi."

"Niliahidi."

"Wanasema nimekuiba. Wewe peke yako ndiye shahidi wangu kwamba sikukuiba. Ukitokea dirishani kwangu leo, nitakuwa nimekuiba kweli."

"Hilo ni kweli," alisema Mzee. "Naweza kusubiri mpaka kesho. Nitarudi Erdington nilale."

Akainama kuchukua viatu vyake. Vidole vilikuwa na ile rangi ya buluu ambayo Bi Nunu alifundishwa kuitazama na kuiogopa kwa walio hai. Upepo wa nyumba ile ulikuwa umemwingia mpaka ndani ya nguo na haukutaka kumtoka. Viatu vilimponyoka. Akaviinamia tena.

Bi Nunu alimhesabia mambo kimoyomoyo. Huko Erdington atazunguka tena usiku mzima. Kesho atakuja, atasema, labda ataaminiwa. Halafu atarudi kuzunguka. Ndugu zake wataacha karata, watarudia vizingiti na saa na vioo, na hakuna atakayefunga dirisha, si kesho wala mwakani. Na yeye atakuwa na jina lake safi na kazi yake, na kila akipita High Street ndani ya basi atajua kuna mtu mle ndani anaomba cha moto. Alitamani sana kumwambia arudi tu, ni siku moja. Maneno yalikuwa ulimini kabisa.

"Viache viatu," alisema.

Walipeana mikono katikati ya chumba, mbali na dirisha, kwa sababu Mzee alikuwa wa baba yake na hakupenda kuagana kizingitini. Kisha akaaga, kwa sababu alikuwa wa mama yake. Aliaga mpaka adhana ya Magharibi ikalia kwenye simu ya Bi Nunu, ikaisha, naye bado anaaga. Aliulizia binti wa London. Aliulizia mguu wa Mumbua, aliosimuliwa na Bi Nunu kwamba unauma. Alisema tangawizi ile ilikuwa nzuri, na laiti angeijua mapema. Bi Nunu akafungua dirisha.

Hakuelekea magharibi kwa mamake, wala mashariki kwa babake. Alipanda juu tu, taratibu, juu ya mapaa ya maghala, akiwa na soksi. Koti lake lilikuwa limetulia. Bi Nunu alimtazama mpaka malori yakawasha taa, kisha akafunga, maana hakujua dirisha la namna hiyo huachwa wazi muda gani. Viatu aliviweka juu ya kabati.

Alhamisi kikao hakikuwa kirefu. Breda na Zenon walikaa upande mmoja wa meza, makoti yao yametundikwa msumari mmoja. Reena aliuliza mteja yuko wapi. Breda alisema ametoweka, jirani alimwona akipanda basi la Nechells. Reena akamgeukia Bi Nunu.

"Alikuja kwako?"

"Alikuja."

"Yuko wapi sasa?"

"Ametoka."

"Nani alimfungulia?"

"Mie."

Reena aliandika. Alikuwa na huzuni kidogo, na aliandika vilevile. Bi Nunu alieleza habari za madirisha mawili, tangu mwanzo. Reena alisikiliza kwa makini, akawauliza ndugu kama ni kweli yalikuwa wazi yote mawili. Zenon alisema dirisha lao lilikuwa wazi kwa mujibu wa desturi. Breda alisema lao pia. Reena akasema desturi za familia ni haki yao, ajensi haiingilii. Lalamiko likathibitika kabla ya chakula cha mchana.

Nyumba ya Erdington iko vilevile. Madirisha yako wazi, la mbele na la nyuma, kwa sababu kila mmoja anaamini Mzee akirudi atapitia lake. Jioni Breda na Zenon hukaa jikoni na makoti yao, wanacheza karata, na mezani pana glasi yenye limau na kikombe chenye maziwa ambavyo hakuna anayevigusa. Bi Nunu anafunga masanduku kwenye ghala moja Nechells, analiona dirisha lake akiwa kazini. Mumbua alileta tishu kama alivyoahidi na hakusema nilikwambia, ingawa ilimwasha.

Mazishi yalifanyika mwezi uliofuata, siku ya baridi kavu. Jeneza lilikuwa na majina yote mawili. Bi Nunu aliomba ruhusa ghalani, akaenda na maua, idadi shufwa, kama Mzee alivyomfundisha kwamba Wapolandi huwapelekea waliokufa. Kwenye mfuko wa karatasi alikuwa na vile viatu. Hakusogea karibu. Alisimama kwa nyuma, penye lango la makaburi, akangoja watu wapungue.

Breda ndiye aliyemwona. Alimgusa Zenon kiwiko. Zenon aligeuka, akamtazama Bi Nunu, akautazama mfuko mkononi mwake. Kisha akauchukua mkoba wa Breda uliokuwa umening'inia wazi begani, akaufunga zipu, akauhamishia upande wake wa pili. Mtu aliyekuwa jirani yao akauliza yule mama ni nani.

"Huyo," alisema Zenon, "ndiye aliyemwiba kaka yetu."

Hakuna kati yao aliyewahi kusema kaka yetu kabla ya siku hiyo. Bi Nunu alilisikia vizuri, kwa sababu upepo ulikuwa unavuma kumwelekea yeye.